Kiingereza kwa Kinywa Kilichozibwa

Mnamo Januari 1961, huko Makerere nchini Uganda, walikutana wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Imani zilizopata nguvu katika mkutano huo Robert Phillipson alizipanga kuwa tano katika kitabu chake cha mwaka 1992, na zote akaziita potofu. Ya kwanza ni kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza kitupu. Miaka zaidi ya 60 imepita, na bado wapo watunzi wa mitaala na vitabu vya kiada walioifunga imani hiyo mkononi kama hirizi. Kitabu hupangwa tangu jalada hadi zoezi la mwisho pasi na neno la Kiswahili, kana kwamba mtoto wa Makunduchi au Micheweni ameingia darasani bila ya lugha.

Kosa linaanzia katika jina lenyewe. Lugha ya pili ni ile ambayo mwanafunzi, akishatoka darasani, huikuta sokoni, barazani na kwa jirani. Ni wapi Kiingereza kikawa hivyo Unguja na Pemba? Ukiacha mahoteli na afisi chache, mtoto hukisikia kwa mwalimu wake, na kengele ikilia kimekwisha. Kwake hiyo ni lugha ya kigeni, nayo lugha ya kigeni hupangiwa masomo vyengine: msamiati mchache unaorudiwa mara nyingi, na sarufi inayoelezwa kwa lugha anayoifahamu. Badala yake, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto ambaye bado anaitafuta njia akatwishwa na mzigo.

Edward Steere alipotoa mwaka 1870 kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, alikieleza kwa Kiingereza. Ashton naye, mwaka 1944, alizifafanua ngeli zote kwa Kiingereza. Hakuna aliyewaambia Waingereza wavizibe kwanza vinywa vyao ndipo wajifunze. Dawa hiyo walipikiwa wengine.

Na utajiri unaotupwa nje ya mlango si mdogo. Mathalani, Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza huuhamisha, na pengine neno hubadilika kwa sababu hiyo: "record" likikazwa mwanzo ni jina, likikazwa mwisho ni kitenzi. Kitabu hujaza kurasa za mazoezi juu ya jambo hili, na mwanafunzi hushika tama. Laiti kingeanzia na "barabara"! Mtoto gani wa visiwani asiyejua kwamba barabara ipitayo magari haitamkwi kama kazi iliyofanywa barabara? Somo lingekuwa limekwisha kueleweka. Hali kadhalika, mwenye kughani shairi la mizani 16, 8 kwa 8, huzihesabu silabi kwa vidole. Afunuliwe tu kwamba tungo za Kiingereza hutazama zaidi mapigo ya mkazo, sikio lake litamaliza kazi. Na "yeye" je? Neno hilo halibagui mume na mke, ndiyo maana mwanafunzi humwita mama yake "he". Kitabu kilichotungwa kwa dunia nzima hakiwezi kujua kwamba kosa hilo lina asili yake katika Kiswahili. Hulihesabu kuwa uzembe.

Watetezi hujibu kwamba Kiswahili kikiruhusiwa kitakimeza kipindi chote. Hoja hiyo ina uzito, maana mwalimu anayetafsiri kila sentensi hafundishi kitu. Lakini marufuku nayo imezuia nini? Watafiti wa skuli za Tanzania, akiwemo Casmir Rubagumya na Birgit Brock-Utne, wameandika tangu zamani jinsi walimu wanavyochanganya lugha mbili darasani. Huchanganya bila ya mwongozo kwa sababu kitabu kinajifanya hakioni.

Kinachodaiwa ni kitabu kinachosema waziwazi wapi Kiswahili kiingie na wapi kitoke, kitungwe na walimu wa Unguja na Pemba wanaozimudu lugha zote mbili, na kijaribiwe Micheweni kabla ya kupigwa chapa, si baada ya kushushwa bandarini.