TOVUTI YA SHULE IKAE WAPI?

Wenzangu wengi wasema kwamba tovuti ya shule yafaa kukaa katika kompyuta yetu wenyewe, hapa hapa Bujumbura, tusilipe kampuni ya nje kwa kututunzia. Wanatukumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali ni ya kweli, lakini katika jambo hili mimi sikubaliani nao.

Kwanza tufikiri tovuti hii ni ya nani. Si yetu peke yetu tulio darasani. Waliosoma katika shule za mji huu wametawanyika: wako Kigoma, Nairobi, Brussels na Montréal. Wengine waliondoka mwaka 1972, wengine 1993, wengine 2015. Mmoja wao akitafuta jina la mwenzake waliyepotezana, huifungua tovuti kwa saa za huko aliko, nasi huku tumelala. Akikuta haifunguki mara mbili tatu, hatarudi tena.

Kwa hiyo kompyuta inayotunza tovuti haina ruhusa ya kulala. Tim Berners-Lee, aliyeanzisha tovuti ya kwanza duniani katika kompyuta moja ya CERN, karibu na Geneva, aliibandika karatasi ya kuwaonya watu wasiizime. Hapa kwetu karatasi hiyo ingemwonya nani? Umeme hukatika bila kuisoma. Jenereta yataka mafuta, nasi twakumbuka foleni za petroli za mwaka 2024. Betri husaidia kwa saa chache, nazo huchakaa.

Tena, intaneti ya nyumbani kwa kawaida hupokea upesi kuliko inavyopeleka. Anwani yake hubadilika, na pengine wateja wengi hutumia anwani moja, hata mgeni wa nje asipate mlango wa kuingilia. Ziko njia za kuondoa shida hizo, lakini zataka fundi wa kuangalia kila siku, nasi wanafunzi humaliza masomo tukaenda zetu.

Najua kampuni hizo nyingi hulipwa kwa dola, na dola kwetu ni adimu. Hapo ndipo kaka zetu mlio ng'ambo mwaweza kutusaidia.

Lakini kupanga nyumba si kumkabidhi mwenye nyumba mali yako yote. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokosa nakala mahali pengine walipoteza kazi zao. Sisi hatuna haja ya kwenda Ufaransa kujifunza hayo. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, na mfanyabiashara aliyeweka bidhaa zake zote mle alitoka mikono mitupu.

Basi shauri langu ni hili. Tupange mahali pa kulipia. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la shule, si la mwalimu mmoja wala mwanafunzi mmoja. Kila mwisho wa mwezi nakala moja iwekwe shuleni, na nyingine kwa wanafunzi wa zamani. Ile kompyuta yetu iwe ya kujifunzia, tujenge na kubomoa humo bila hofu. Nyumba iwe ya kupanga, lakini mali iwe yetu. Anayeona vingine naye aandike, tumsikie.