Ukisikia halbadiri, usikimbilie kutaja mwizi

Wiki hii tunavuka maji mpaka Fundo, kile kisiwa kilicho mbele ya Wete, Pemba. Fundo ni watu wa bahari. Mtu akiamka akakuta nyavu hazipo, au mashine ya boti imeng'olewa usiku, ujue imeibwa riziki ya nyumba nzima.

Nilipokuwa huko, jamaa mmoja alisimama pwani akatangaza: "Aliyechukua arejeshe kabla ya Ijumaa. Nasoma halbadiri!" Vijana kimya. Hata mimi mgeni nilijipapasa mifukoni, ati nisije nikawa nimebeba cha mtu!

Neno lenyewe limetoka mbali. Kwa Kiarabu ni Ahl Badr, yaani watu wa Badr. Hiyo "ahl" ndiyo ahali yetu, tunaposema mtu na ahali zake. Badr ni mahali palipokuwa na visima, kusini-magharibi ya Madina. Hapo, Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijria, yaani 624, Mtume Muhammad (S.A.W.) na wenzake mia tatu na kitu walikabiliana na Makureshi karibu 1,000. Wakawashinda. Waislamu 14 walikufa mashahidi. Ulimi wetu ukaivuta ile "h" mbele, tukapata halbadiri. Wengine husema albadiri.

Kisomo chenyewe ni dua. Watu hukaa, ubani hufukizwa, hutajwa majina ya watu wa Badr, ambao kwa kawaida huhesabiwa 313, na Mungu huombwa kwa heshima yao. Husomwa kwa ugonjwa na kwa balaa pia, si kwa mwizi tu. Wapo masheikh wanaoisoma, wapo wanaosema haina msingi katika mafundisho ya Mtume. Mie hapo simo, nawaachia wenye vilemba.

Linalonikera ni lile la baada ya kisomo. Kimesomwa Ijumaa. Jumatatu kijana mmoja tumbo linamsokota. Basi! Hakuna anayeuliza kala nini wala kanywa maji gani. "Kumbe ni yeye!" Mwenyewe kwa aibu anaogopa hata kwenda hospitali. Akipona, jina la wizi halimtoki, na akipeleka posa inarudishwa. Kwenye kisiwa kidogo atajificha wapi? Na huyo mwizi wa kweli yuko barazani, anakunywa kahawa na kutikisa kichwa pamoja na wenzake.

Wazee husema halbadiri ukiisoma kwa dhulma inakurudia mwenyewe. Sasa kumwita mtu mwizi kwa sababu ya tumbo si dhulma hiyo? Watu wa Badr walikuwa wachache mbele ya wengi. Vipi leo majina yao yatumike kwa wengi kumwonea mmoja?

Haya, tuonane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na wewe uliyeazima baiskeli yangu, irudishe tu. Sikusomei kitu.