Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Neno hilo yafaa alikumbuke kila mama au kijana ambaye jioni, vyombo vikisha kuoshwa, hushika kalamu atunge hadithi. Mhusika naye huundwa, na mbao zake ni maisha aliyoyapitia kabla ya ukurasa wa kwanza.

Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), humweka msomaji kwanza nyumbani kwa Zakaria, baba mlevi na mkali, kabla binti yake hajaenda shule ya bweni. Kwa hiyo anguko la Rosa lina mizizi.

Mathalani, mtunzi ataka kuandika juu ya bibi wa Rusizi, wilaya ya Rwanda iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya 2006. Hadithi ni ya mwaka 2010. Bibi ana umri wa miaka 65. Kila alfajiri huvuka daraja kwenda Bukavu kuuza sambaza. Hapunguzi bei hata faranga moja, lakini kila siku humpa mtoto mmoja fungu la bure. Kwa nini? Pasipo jibu, bibi huyo ni sanamu tu.

Mtunzi na ahesabu miaka. Bibi alizaliwa 1945, na sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Akisimuliwa kuwa alikua akila sambaza za mama yake, msomaji wa Kamembe atatabasamu na kukifunga kitabu.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, bibi alikuwa na miaka 49. Alikuwa wapi? Ni nani hakurudi nyumbani? Mtunzi hana ruhusa ya kuuruka mwaka huo, wala ya kuutumia kama kiungo cha kukoleza hadithi. Pengine fungu lile la bure ni chakula cha mtoto wake ambaye hakukua.

Hayo yote yaandikwe kwanza katika daftari la pembeni. Mtunzi lazima ayajue. Msomaji si lazima aambiwe. Atakapoona mkono wa bibi ukilitenga fungu lile kabla ya kufungua biashara, atafahamu mwenyewe.