ANAYEULIZA HESABU YA MALI YA UMMA SI MFITINI



Alhamdulillah. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu yangu Muislamu, kila mwaka ifikapo Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ikishafikishwa bungeni, mitandao inawaka moto. Siku tatu watu wanarushiana vipande vya ripoti, wanacheka, wanatukana. Siku ya nne inaingia habari ya mpira, yamekwisha. Na katikati ya kelele hizo wapo ndugu zetu, wengine wana vilemba vikubwa kuliko changu, wanaotuambia: "Muislamu, nyamaza. Mambo ya serikali waachie wenyewe. Kuuliza ni fitna."

Leo tuliweke sawa jambo hili kwa dalili. Kuuliza mali ya umma imekwenda wapi ni katika dini. Anayeuliza kwa ukweli na adabu anafanya ibada, na anayemziba mdomo anamsaidia mbadhirifu, apende asipende.

*1. HIYO MALI NI YAKO*

Usiniambie: "Ustadhi, mimi silipi kodi, mimi ni mama ntilie tu." Unalipa, mama yangu. Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa kiwango chake cha kawaida huku Bara, ni asilimia 18. Ile sabuni uliyonunua dukani kwa Mangi imeshabeba kodi yake tangu kiwandani. Ukinunua umeme wa LUKU, kodi imo, na tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo. Ukimtumia mwanao fedha kwa simu, makato unayaona mwenyewe. Hakuna maskini nchi hii asiyeichangia hazina. Tofauti ni kwamba tajiri anajua anachangia kiasi gani, maskini hajui.

Najua wapo watakaoanza mjadala wa kodi ipi inajuzu na ipi haijuzu. Mjadala huo una mahali pake. Ninalosema hapa halina mjadala: fedha ikishatoka mfukoni mwa watu ikaingia hazina, ni amana. Imo haki ya yatima, ya mjane, ya mgonjwa aliyelala zahanati haina dawa. Ukimwibia jirani yako shilingi elfu kumi, kesho unaweza kumgongea mlango ukamwomba radhi. Aliyekula mali ya umma atagonga milango mingapi? Aanzie Kagera amalizie Mtwara?

*2. "MAKOSA YA KIONGOZI YASEMWE SIRINI"*

Hii ndiyo hoja yao kubwa. Tuirudishe kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd as-Sa'idi (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) hakunyamaza wala hakusema "tumsitiri". Alimuuliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata. Kisha akapanda mimbari, akawahutubia watu, akawaonya kwamba anayechukua kitu bila haki katika kazi hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni: ngamia akilia, ng'ombe akilia, mbuzi akilia.

Zingatia mambo matatu hapa.

Moja: katika baadhi ya mapokezi imekuja wazi kwamba yule mtu aliporudi, Mtume (s.a.w.) alimfanyia *hesabu*. Imam Bukhari ameuwekea jambo hilo mlango maalumu: mlango wa kiongozi kuwahesabu watendaji wake. Ukaguzi haukuletwa na wazungu, ndugu yangu.

Mbili: jambo lilisemwa mimbarini mbele za watu, kwa sababu mali ilikuwa ya watu.

Tatu: katika hotuba ile Mtume (s.a.w.) hakumtaja mtu kwa jina. Alitaja kosa. Hapo pana adabu tutakayoirudia.

Na katika Hadithi ya Adiy bin Amira (r.a.), iliyomo kwa Muslim, onyo linafika mpaka kwenye sindano: mwenye kupewa kazi akaficha hata sindano, huo ni wizi wa amana, atakuja nao Kiyama. Sindano! Sisi tunasoma kuhusu mabilioni, tunaambiwa tunyamaze.

*3. UMAR (R.A.) ALIMKAGUA MTU WA PEPONI*

Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) ni mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Alikuwa gavana wa Kufa. Watu wa Kufa wakamshitaki kwa Umar (r.a.), wakafika mpaka kusema hata kusali hasali vizuri. Je, Umar aliwaambia "nyinyi wafitini, huyu ni mtu wa Peponi"? Hapana. Alimwondoa Sa'd, akamweka Ammar, na akatuma watu waende pamoja na Sa'd mpaka Kufa, wakawa wanauliza habari zake msikiti kwa msikiti. Wanahistoria wanamtaja Muhammad bin Maslama (r.a.) kuwa ndiye aliyekuwa akimfanyia Umar kazi hii ya kuwachunguza magavana.

Kama mtu wa Peponi aliulizwa, mkurugenzi wa halmashauri ni nani asiulizwe?

Lakini usiishie hapo, maana kisa kina upande wa pili. Misikiti yote ilimsifu Sa'd, mpaka walipofika msikiti wa Banu Abs. Akasimama mtu mmoja akamzulia: haendi na jeshi, hagawi kwa usawa, hahukumu kwa haki. Sa'd akamwombea dua mbaya: ikiwa ni mwongo, Allah amrefushie umri, amrefushie ufukara, amtie katika fitna. Ikawa hivyo. Na Umar, alipokuwa anakaribia kufa, alieleza kwamba hakumwondoa Sa'd kwa udhaifu wala kwa khiyana.

Unaona mizani hii? Mlango wa kuuliza ulifunguliwa kwa wote. Aliyesingizia, hesabu ikamgeukia yeye.

*4. UBADHIRIFU SI LAZIMA UWE WIZI*

Wengi wetu tunatafuta mwizi tu. Tukiambiwa "hakuna aliyeiba", tunaridhika. Allah katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, ametukataza ubadhirifu na akawafananisha wabadhirifu na ndugu wa mashetani. Ibn Mas'ud (r.a.) ameufasiri kuwa ni kutoa mali pasipo haki. Kwa hiyo stakabadhi zinaweza kuwa kamili, mihuri ipo, sahihi zipo, na bado ukawa ni ubadhirifu.

Chukua mfano wa rada. Mwaka 2001 nchi yetu ilikuwa imeingia katika mpango wa kusamehewa madeni kwa sababu ya umaskini. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa, watoto wakafurika madarasani, wengi wakikaa sakafuni. Na ni mwaka huohuo Uingereza ilipotoa kibali cha kuuziwa kwetu rada ya kampuni ya BAE Systems, kwa takriban dola milioni 40. Benki ya Dunia ilipinga. Wataalamu wa usafiri wa anga wa kimataifa walisema ni ghali na haifai kwa kazi ya ndege za abiria. Hata ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza waziri Clare Short alipinga. Ikanunuliwa.

Baadaye ikajulikana kwamba dola milioni 12.4 zilipita kwa dalali. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mbele ya mahakama Uingereza kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, na Watanzania wakarudishiwa pauni milioni 29.5, zikanunua vitabu na madawati.

Ndugu yangu, tafakari. Fedha ilitoka kwa watoto waliokaa sakafuni, ikazunguka Ulaya, ikarudi baada ya miaka kuwanunulia madawati watoto wengine. Wale wa 2001 walishamaliza shule. Na kesi iliyoirudisha ilisikilizwa London. Anayesema kuuliza ni fitna anieleze: madawati yale yaliletwa na kunyamaza, au yaliletwa na kuuliza?

*5. SASA UNAULIZAJE?*

Kwanza, soma. Katiba yetu, ibara ya 143, imemweka CAG, ikamtaka akague hesabu za serikali walau mara moja kila mwaka, na ikasema hatalazimika kufuata amri ya mtu yeyote katika kazi hiyo. Ripoti zake zinawekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, za Kiswahili zimo. Usisubiri kijana wa mtandaoni akukatie kipande. Tafuta halmashauri *yako*.

Pili, usidanganywe na "hati safi". Hati safi maana yake hesabu zimeandikwa kwa kufuata kanuni. Haina maana kwamba kilichonunuliwa kilihitajika, wala kwamba kisima kinatoa maji. Fungua ndani, soma hoja zenyewe: mapato yaliyokusanywa kwa mashine na hayakufika benki, malipo yenye nyaraka pungufu, mikopo ya vikundi ambavyo havionekani.

Tatu, uliza mahali penye jibu. Mkutano wa kijiji na mtaa upo kisheria, lakini sisi hatuendi. Diwani wako ana namba ya simu. Muulize swali moja, dogo, lenye tarakimu: zahanati yetu ilitengewa kiasi gani, kimefika kiasi gani, kimenunua nini? Swali la namna hiyo linamtoa jasho kuliko matusi mia.

Nne, thibitisha. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuidhuru jamii kwa ujinga. Hoja ya ukaguzi bado si hukumu ya mahakama. Aliyetajwa ana haki ya kujibu, na zipo hoja zinazofungwa baada ya nyaraka kuletwa. Wewe unayemwita mtu mwizi kwa picha uliyotumiwa na usiyemjua, mkumbuke yule mtu wa Banu Abs.

*6. TUANZE NA MSIKITI WETU*

Hapa baadhi yenu mtanikasirikia, lakini haki isemwe.

Tunamdai waziri hesabu ya matrilioni. Sanduku la Ijumaa, mara ya mwisho kamati ya msikiti wako ilibandika mapato na matumizi ukutani lini? Michango ya futari ya Ramadhani iliyopita ilibaki kiasi gani? Fremu za waqfu pale barabarani nani amepanga, na kwa kodi ya zama gani? Tumejenga mnara wa pili, na madrasa nyuma yake haina choo cha watoto wa kike. Huo nao ni ubadhirifu, hata ukijengwa kwa takbira.

Na mwenye kuuliza msikitini anaitwaje? Mfitini! Neno lilelile. Ndiyo maana serikalini hatujui kuuliza: hatukufundishwa kuuliza pale ambapo sisi wenyewe ndio wenye mali. Muislamu aliyezoea kuona hesabu ya msikiti ukutani kila mwezi, huyo hatanyamazishwa na mtu kwenye mkutano wa kijiji.

Basi Ijumaa hii, baada ya sala, nenda kwa mweka hazina. Msalimie kwa heshima, mwambie: "Shekhe wangu, tunaomba tuione hesabu." Akikuonyesha, mwombee dua, kwa sababu umemsaidia kujisafisha. Akikukasirikia, rudi Ijumaa ijayo na wenzako watano, kwa upole uleule.

Ewe Mola wetu, wape viongozi wetu hofu ya Siku ile mtu atakapokuja na alichokificha kimemlemea shingoni. Tupe sisi ndimi za kweli zisizosingizia, na utukinge tusiwe mashahidi walionyamaza. Amin.

Wallahu a'lam. Umefaidika? Mfikishie mwenzako.