Namba ya kilometa si bei

Kabla pesa ya likelemba haijanunua pikipiki ya mtoto afanye manseba, tuangalie vizuri. Kwenye TVS na Boxer nyingi, kilometa zinahesabiwa na waya unaotoka gurudumu la mbele. Ukichomolewa, pikipiki inatembea, namba inalala. Tuseme manseba anafanya kilometa 100 kwa siku, siku 6 kwa juma: kwa mwaka ni 31,200. Sasa unaonyeshwa 9,000, na mpira wa kukanyagia umeisha kama kipande cha sabuni! Mimi ningechukua ile ya 40,000 yenye karatasi kwa jina la muuzaji. Meno ya mnyororo yakichongoka, uliza fundi bei ya mapya, uyakate kwenye bei yake.