Kumbukumbu ya Kompyuta: Fungua Kasha Kabla ya Mfuko

Leo naanza kwa kukiri kosa. Katikati ya mwaka 2025 kijana wangu alinikabidhi bahasha yenye fedha alizozidunduliza tangu likizo ya Desemba, alipokuwa akimsaidia mjomba wake dukani. Alikuwa na kompyuta iliyokwisha kutumika, aliyoipata ili acheze mpira na wenzake wa mtaani, lakini kila mchezo ulipopamba moto picha zilikatikakatika. Mpira umekwisha kuingia golini, yeye bado anamwona mshambuliaji yu katikati ya uwanja. "Baba," akaniambia, "inataka kumbukumbu zaidi. Ukipita mjini ninunulie."

Nilipita mjini. Nikaongeza fedha kidogo zilizotengwa kwa ajili ya luku, maana nilitaka kumfurahisha, nikamwambia muuzaji anipe kumbukumbu iliyo mpya kuliko zote. Hakuniuliza kompyuta ni ya aina gani, wala mimi sikuwa na la kumjibu kama angeuliza. Jioni tulipofungua kasha, kipande kile hakikuingia. Kijana alikigeuza huku na huku, kisha akakiweka mezani, akanitazama kwa ile heshima inayouma kuliko lawama. Kesho yake dukani nilionyeshwa maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Jirani yetu mmoja, fundi wa mambo haya, ndiye aliyetufumbua macho. Kumbukumbu hii, ambayo mafundi huiita RAM, si ghala la kutunzia picha na barua. Kazi hiyo ni ya diski. RAM ni mfano wa meza ya fundi cherehani: juu yake hukaa kitambaa, mkasi na uzi wa kazi iliyopo sasa. Meza ikiwa ndogo, fundi hulazimika kuinuka kila mara kwenda kabatini, na mteja hungoja. Hapo ndipo picha zinapokwama.

Sasa meza hizi zina vizazi. DDR4 imo sokoni tangu mwaka 2014, na kanuni za DDR5 zilitolewa mwaka 2020. Kwa kompyuta za mezani, zote mbili zina miguso 288 na urefu wao ni mmoja, lakini lile pengo dogo lililo ukingoni haliko mahali pamoja, na limewekwa hivyo makusudi ili kimoja kisiingizwe mahali pa kingine. (Sisi tulikuwa karibu kabisa kutumia nguvu. Tungevunja sloti, na hapo tungelilia madabodi nzima.) Kompyuta ya kijana ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo hukubali DDR4 peke yake. Mimi nilikuwa nimenunua DDR5.

Lakini fundi hakuishia hapo. Alimulika ndani kwa tochi akaona sloti mbili, na kipande kimoja tu cha gigabaiti 8. Prosesa ile haina kadi ya picha ya pembeni. Hujichorea picha yenyewe, na kwa kazi hiyo huchota katika kumbukumbu hiyo hiyo. Kwa hiyo gigabaiti 8 zilikuwa zikigawanywa, na tena zilikuwa zikipita katika njia moja. Kipande kimoja cha DDR4 chenye kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili vikifanya kazi sambamba hupitisha 51.2. Dawa ikawa kipande cha pili kinachofanana na cha kwanza, gigabaiti 8 za DDR4. Bei yake ilikuwa chini ya ile niliyoitupa.

Kilipoingia, fundi alitufungulia BIOS, yaani ule ukurasa unaotokea kabla kompyuta haijaamka, akawasha mpango uitwao XMP. Kumbe kipande kilichoandikwa 3200 chaweza kujikokota kwa kasi ya 2133 au 2400 kwa miaka, mwenyewe asijue. Kwa DDR5 za mitambo ya AMD mpango huo huitwa EXPO. Na mwenye sloti nne aelewe kwamba vipande viwili kwa kawaida hukaa katika ya pili na ya nne, kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Basi kiasi gani chatosha? Grand Theft Auto V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ilipendekeza gigabaiti 8. Cyberpunk 2077, tangu masharti yake yalipobadilishwa mwaka 2023, hupendekeza 16. Kwa mchezaji wa kawaida 16 zinamfaa. 32 ni za anayecheza huku akirekodi na kufungua mambo mengine kumi. Usimsikilize mtu kabla hujabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja mchezo ukiwa unaendelea, ukatazama sehemu ya kumbukumbu. Ikiwa imejaa, nunua. Ikiwa nusu iko tupu na vipande viko viwili, tatizo liko kwingine, mara nyingi kwenye kadi ya picha, na kuongeza kumbukumbu ni kumwagia maji mwenye njaa.

Mwenye kompyuta mpakato ana kipande kifupi cha namna yake, na nyingine zimegandishwa kiwandani, haziongezwi.

Nasisitiza haya kwa sababu kosa la leo ni ghali zaidi. Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda kwa kasi, kwani Samsung, SK Hynix na Micron, wanaotengeneza sehemu kubwa ya bidhaa hii duniani, walielekeza mitambo yao kwenye mahitaji ya akili bandia. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuwa inaacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida kumbukumbu zake za Crucial.

Kile kipande changu cha DDR5 kilikuwa bado kabatini. Januari 2026 alibisha hodi kijana wa nyumba ya tatu, anayejiundia kompyuta mpya, akasema amesikia tunacho. Nikaanza kupiga hesabu za bei ya mjini, na nakiri zilinipendeza. Mama watoto hakusema neno. Aliingia ndani, akarudi na ile risiti, akaiweka mezani mbele ya mgeni, akamwambia, "Mwanangu, bei ni hiyo iliyoandikwa hapo."

Fedha za luku zikarudi mahali pake.