Insafu kwa Seli za Glia

Aghalabu ubongo unapotajwa, sifa zote hupewa seli za neva, kwa kuwa ndizo zipelekazo habari mwilini, ilhali seli za glia zinazozizunguka, ambazo kwa idadi zinakaribia kulingana nazo, hutajwa kijuujuu kana kwamba zimewekwa kujaza nafasi. Hiyo si insafu. Na la ajabu ni kwamba aliyezikisia kazi yake mapema, Camillo Golgi wa Italia, hakusikilizwa sana.

Golgi, katika miaka ya 1870, aliona seli hizo zikinyoosha miguu, mingine ikishika mishipa ya damu na mingine ikielekea seli za neva, akakisia kuwa huko ndiko chakula kinakopitia. Lakini alishikilia pia kwamba seli za neva zimeungana zote kuwa wavu mmoja, dhana aliyoipinga Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania. Na hata walipogawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906, Golgi aliitetea palepale Stockholm. Nadhani ukaidi huo uliliponza na lile alilopatia.

Mwaka 1994, Luc Pellerin na Pierre Magistretti wa Lausanne, Uswisi, waliieleza biashara yenyewe. Seli ya neva ikitoa glutameti ili kuiarifu jirani yake, astrositi, ambayo ni aina ya glia, huizoa upesi, maana ikizidi hudhuru. Na kazi hiyo huifanya astrositi ivute glukosi, iivunje kuwa lakteti, kisha iikabidhi seli ya neva iwe nishati yake. Glutameti nayo hugeuzwa glutamini na kurudishwa ilikotoka, ikatumike upya. Kwa kiungo chenye takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili na kinachotumia kama asilimia 20 ya nishati yake, hilo si jambo dogo.

Wako wanazuoni wasioridhika, wasemao kuwa seli ya neva hujichukulia glukosi yake yenyewe, na kweli huichukua. Mzozo wao, nionavyo, ni wa kiasi tu. Mimi hunivuta zaidi matokeo ya mwaka 2012, yaliyoonyesha kwamba panya wakipunguziwa mlango wa kupitishia lakteti katika oligodendrositi, glia zinazozifunika nyuzi za neva, nyuzi hizo huharibika, na kwamba mlango huohuo umepungua kwa wagonjwa wa ugonjwa unaoua seli za neva zinazoendesha misuli.